Vifundo vya Apolonia

Ukiifungua albamu ya ukoo wa akina Tumpe pale Uyole, utawaona wote. Utamwona babu aliyelima viazi mpaka mgongo ukapinda, utawaona mashangazi katika vitenge vya sare, utaona vipaimara, harusi tano na misiba saba. Tumpe mwenyewe humwoni. Mara moja tu, kwenye picha ya shangazi mkubwa, kuna kivuli kwenye nyasi, kivuli cha mtu aliyeinua viwiko, na huyo ndiye yeye. Tangu ana miaka kumi na sita kamera ilikuwa mikononi mwake, na mshika kamera hapigwi.

Kazi alifundishwa na baba yake mdogo, mzee Jailos, aliyekuwa na studio Mwanjelwa tangu enzi za filamu. Mzee alikuwa na pazia lililochorwa maporomoko ya maji, na juu ya maporomoko ndege ya abiria inapaa. Nusu ya watu wa Mbeya wa umri fulani wamesimama mbele ya ndege hiyo. Alipochoka macho, mzee alimwachia Tumpe fremu, kamera na jina la studio, akarudi shambani. Hakumwachia wateja, kwa sababu wakati huo kila mtu alikuwa na simu, na mwenye simu haendi studio ila anapotakiwa picha ya pasipoti.

Miaka minne Tumpe aliishi kwa pasipoti. Kidevu juu kidogo, kaka, usicheke, asante. Mumewe Ambokile, fundi wa redieta pale Mafiati, alimshauri afunge, auze mitumba. Alikuwa karibu kukubali siku alipoingia binti mmoja mwembamba aliyebeba kikapu, akasema anaitwa Happy, anatoka upande wa Tukuyu, anakamua mafuta ya parachichi na kutengeneza sabuni na losheni, na anauza kwa simu ila hauzi.

"Nionyeshe unavyouza," Tumpe alimwambia.

Happy akafungua simu. Chupa ilikuwa imelazwa kitandani, juu ya shuka la maua, na pembeni palionekana kidole gumba cha mpigaji. Mafuta yenyewe yalionekana kama ya kukaangia chipsi.

Tumpe alichukua boksi la tambi, akalikata ubavu huku na huku, akalitandika karatasi nyeupe ndani, akaweka taa kila upande. Akalikata parachichi, akalipaka ndimu lisigeuke jeusi, akalisimamisha nyuma ya chupa. Akanyunyizia chupa maji yaliyochanganywa na glisirini, matone yakaganda palepale kama umande wa Rungwe. Picha zilipotoka, Happy alizitazama muda mrefu, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Haya ni mafuta yangu kweli?"

Oda zilianza kuja kutoka Makambako, kisha Songea, kisha Dodoma. Baada ya Happy walikuja wengine: wa sabuni za manjano na liwa, wa mafuta ya nazi, wa krimu za nywele. Ndani ya miaka miwili pazia la ndege lilikunjwa, na rafu za mzee Jailos zikajaa makopo na chupa za pampu. Ni kazi yenye taabu zake, hasa Mbeya. Mwezi wa sita mafuta ya nazi huganda kama mshumaa, lazima uyakalishe kwenye maji ya vuguvugu kwanza. Ukipumua karibu na chupa, kioo kinafanya ukungu. Lebo inabanduka pembeni ukiwa umeshapanga kila kitu. Tumpe alizipenda taabu hizo. Alijua kuilazimisha taa ipite kwenye mafuta mpaka yawake, na alijua kwamba Mbeya nzima hakuna mwingine aliyejua.

Kisha Happy akaleta losheni ya mikono.

"Hii, dada Tumpe, nataka mkono uonekane. Watu waone ngozi."

Tumpe akanawa, akajipaka, akaweka mikono yake mwenyewe kwenye mwanga na kumwomba Happy abonyeze kamera. Wakatazama kwenye kioo cha kamera wote wawili. Ilikuwa mikono iliyochimba viazi utotoni na kufua kwa maji ya baridi ukubwani. Ngozi ilikuwa na mistari kama udongo uliokosa mvua. Happy aliangalia pembeni kwa adabu.

"Labda tutafute mikono mingine," akasema.

Haikuwa mbali. Kwenye kibaraza kilekile, hatua sita kutoka mlango wa studio, alikaa Apolonia na cherehani yake. Alikuwa Mhehe wa Tosamaganga, mjane, aliyeletwa Mbeya na ndoa na kubakizwa na kaburi la mumewe. Miaka yote hiyo yeye na Tumpe walikuwa wanachangia chakula cha mchana, mmoja ana ugali mwingine ana mboga, na mmoja akienda msalani mwingine anamlindia mlango. Uso wa Apolonia ulikuwa wa kawaida, hata ungesahau. Lakini mikono yake ilikuwa mirefu, myeusi kama kahawa iliyokaangwa sawasawa, rangi moja toka kiwiko hadi ncha ya kidole, na ilivyokuwa ikisukuma kitambaa chini ya sindano ilionekana kama inamtuliza mtoto.

"Apolonia," Tumpe alimwita, "njoo unisaidie dakika tano."

Zilikuwa dakika tano kweli. Apolonia alishika kopo, Tumpe akapiga picha, wakarudi kula maharage yao. Baada ya wiki moja Happy alipiga simu, na Tumpe akazingojea sifa kama mtu anavyongojea chenji yake.

"Dada Tumpe, ile mikono ni ya nani? Watu wote wanauliza mikono."

Hapo ndipo ilipoanzia, ingawa wakati ule Tumpe alicheka na kumtania mwenzake. Kila losheni mpya ikawa inataka mikono ya Apolonia. Wateja wengine nao wakaitaka. Watu walipita kibarazani kuitazama. Mzee mmoja muuza nafaka alisimama siku moja, akatikisa kichwa na kusema, "Chanda chema huvikwa pete, mama," na Apolonia akaificha mikono chini ya kitambaa kwa haya. Hakuna aliyesimama mlangoni pa Tumpe kumwambia lolote. Kwenye picha ile, taa ya kushoto alikuwa ameipunguza kwa karatasi ya kuokea, akaisogeza mara tisa. Nani angejua?

Hata nyumbani. Ambokile alikuwa anatazama simu baada ya chakula, akasema, "Huyu Apolonia wenu hajambo. Hizi picha zake ni nzuri."

"Picha za nani?"

"Za Apolonia."

"Apolonia alibonyeza nini hapo?"

Ambokile alimtazama mkewe asielewe kosa lake, akaendelea na simu. Tumpe alikwenda kuosha vyombo na akaosha sufuria moja mara mbili. *Picha zake.* Miaka ishirini na mitatu nyuma ya kamera, na picha zikaitwa za mtu aliyenyoosha tu mkono.

Wivu ni kama chawa, hauji kutoka mbali. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Tumpe alianza kuhesabu mambo madogo. Apolonia kaanza kujipaka losheni ya Happy ambayo kapewa bure, kopo zima. Apolonia kanunua saa. Apolonia anaitwa "balozi wetu" kwenye ukurasa wa Happy. Chakula cha mchana kilibaki kuliwa pamoja, lakini Tumpe alijikuta anaangalia vidole vile vinavyomega ugali, anatafuta kasoro, na akikosa anashiba kabla ya wakati.

Mwezi wa nane ulipofika, Happy alikodi banda kwenye maonyesho ya Nane Nane. Alimvalisha Apolonia fulana yenye jina la mafuta, akamweka mbele ya meza. Watu walipanga mstari ili Apolonia awapake losheni kwenye viganja. Wanawake walimshika mikono, wakaigeuza, wakacheka kwa furaha, wakanunua. Tumpe alikuwepo pia. Alipewa kadi ya kuingilia iliyoandikwa "mpiga picha," akapigwa na vumbi siku nzima akitembea pembezoni. Alasiri mwandishi wa redio ya pale mjini alifika na kuuliza nani yuko nyuma ya mafanikio ya mafuta haya. Happy akajitaja mwenyewe, kama ilivyostahili, kisha akamshika Apolonia bega. "Na huyu. Bila mikono hii tusingefika."

Apolonia aligeuka, akamtafuta Tumpe kwa macho katikati ya watu, akamwashiria asogee. Alikuwa na nia njema, na Tumpe aliliona hilo. Hata hivyo aliinua kamera akajificha nyuma yake, akajifanya hakuona.

Mwezi wa tisa Happy alikuja na habari kubwa. Alikuwa anafungua duka Iringa mjini, na wa kulisimamia atakuwa Apolonia, kwa kuwa ni kwao na watu tayari wanamjua. Kwa ajili ya ufunguzi alitaka picha moja kubwa: mikono miwili imeshika kopo la krimu mpya, ili irushwe mtandaoni na ichapwe bango la kuning'inizwa mbele ya duka.

"Na mimi?" Tumpe aliuliza, akijaribu kuifanya iwe utani.

"Wewe utatupigia picha, dada. Nani mwingine?"

Alipiga picha asubuhi ile. Apolonia alikuwa na furaha iliyomzidi, akiongea habari za mama yake kule Tosamaganga, jinsi mama huyo atakavyomshangilia, jinsi atakavyoenda kumwona kila Jumapili baada ya misa. "Bila wewe, Mama Blessing," alisema huku ameshika kopo, akimwita Tumpe kwa jina la mwanawe kama siku zote, "mimi ningekuwa nakunja tu pindo hapo nje." Tumpe akamjibu, "Usitikisike."

Mchana, Apolonia akiwa amekwenda kuaga wateja wake wa nguo, Tumpe alikaa mbele ya kompyuta. Picha ilikuwa nzuri kuliko zote alizowahi kupiga. Alianza kama kawaida yake, akapandisha mwanga wa ngozi kidogo. Kisha akapandisha tena. Mikono ikawa na rangi ya chungwa bivu, rangi ambayo Apolonia hakuzaliwa nayo. Angeweza kurudisha. Badala yake akachukua brashi, akaifanya ndogo, akaenda kwenye vifundo vya vidole, kimoja baada ya kingine, vyote kumi, akavitia giza.

Alijiambia ni kuongeza kina. Lakini kila mwanamke wa nchi hii anajua alama ile. Ngozi nyeupe, vifundo vyeusi: huo ni mkorogo, krimu za kuchubua zilizopigwa marufuku, zinazong'arisha kila mahali ila pale ngozi inapojikunja. Tumpe aliijua. Mkono wake uliijua. Akaituma picha.

Happy alikuwa ndani ya basi kwenda Iringa kukagua duka, akaifungua picha kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, akaona kopo linang'aa na jina limesomeka. Akairusha.

Kufikia jioni komenti zilikuwa mia mbili. *Mbona vifundo vyeusi? Hayo ndiyo mafuta ya asili? Parachichi la wapi linalochubua hivyo?* Mmoja alichora duara jekundu kuzunguka kidole cha kati, na hilo duara likazunguka kwenye makundi ya wasapu ya Mbeya yote. Waliokuwa wameagiza wakaanza kurudisha. Kuna aliyesema mtoto wake alitoka vipele. Kuna aliyesema alijua tangu zamani.

Tumpe alikuwa ametaka Apolonia apunguziwe sifa kidogo tu, kama unavyopunguza taa. Sasa aliona moto.

Happy alirudi Mbeya kesho yake akaja moja kwa moja kibarazani. Tumpe alisikia kila neno kupitia ukuta wa mbao.

"Dada Apolonia, niambie ukweli. Unatumia kitu?"

"Kitu gani?"

"Unajua kitu gani."

Kisha sauti ya cherehani kusukumwa pembeni. "Itazame," Apolonia alisema. "Shika. Igeuze. Itazame kwenye jua."

"Mimi naiona. Lakini wateja wangu hawaioni hii, wanaiona ile." Sauti ya Happy ilikuwa ya mtu aliyelia njiani. "Nisamehe. Siwezi kukuweka dukani sasa hivi. Watanimaliza."

Tumpe angeweza kutoka. Ilikuwa hatua sita. Alibaki amesimama na chupa ya mtu mkononi, akiifuta mpaka lebo ikabanduka.

Wiki hiyo watu wengine walimalizia kilichobaki. Kwenye sala za jumuiya, mama mmoja alimwambia Apolonia kwa upole mbaya kwamba Mungu hakukosea alipompa rangi yake. Wateja wawili wa nguo walichukua vitambaa vyao. Jumatatu Apolonia alifunga cherehani kwenye gunia, akaja studio kuaga. Alikuwa amevaa sweta lenye mikono mirefu, ameivuta hadi kwenye vidole.

"Narudi nyumbani kwa mama."

"Hata hujangoja mambo yatulie?"

"Nimechoka kutazamwa." Alisimama kidogo, kisha akauliza bila hasira, kama mtu anayeuliza njia, "Hivi ile picha, Mama Blessing, ilikuwaje?"

Mafuta, taa na kamera vyote vilikuwa kati yao, na kompyuta imewaka.

"Ni mwanga," Tumpe akasema. "Mwanga wakati mwingine unasaliti."

Apolonia akaitikia kwa kichwa. Aliamini. Akamkumbatia, akaenda zake.

Tumpe alitegemea kupata nafuu. Mshindani hayupo, kibaraza kiko wazi. Lakini chakula cha mchana sasa alikula peke yake, na wivu haukuondoka, ulikosa tu mahali pa kukaa. Alimwonea wivu hata msichana mgeni aliyepangishwa pale kuuza vocha, kwa sababu alilala vizuri usiku, ilionekana usoni.

Baada ya wiki mbili aliingia Liberatus, mchapaji wa mabango wa mtaa wa pili, mtu wa maneno machache. Chini ya kwapa alikuwa na kipande cha turubai kilichoviringishwa. Akakikunjua juu ya meza. Kilikuwa ni kidole kimoja cha Apolonia, kirefu kama mkono wa mtu.

"Happy alishalipia bango kabla ya vurugu," alisema. "Mashine ilikuwa imeanza kuchapa aliponipigia niache. Nikakata hiki."

Kwenye simu hukuweza kuona. Kwenye turubai ilionekana wazi: duara la weusi juu ya kifundo, kingo zake laini, na mahali pamoja brashi iliteleza ikagusa kopo.

"Dada Tumpe, mimi nachapa picha zako mwaka wa tatu huu. Brashi yako naijua kama mwandiko." Alikuwa anatazama turubai, si yeye. "Sijamwambia mtu. Mimi kazi yangu kuchapa."

Akatoka, akakiacha kidole mezani.

Tumpe alifunga studio saa sita mchana, jambo ambalo hakuwahi kulifanya isipokuwa kwa msiba. Kesho yake alfajiri alipanda basi la Iringa. Alimwambia Ambokile anakwenda kwenye kazi, na huo ukawa uongo mwingine. Pale Igawa basi liliposimama, wanawake walipandisha mchele na vitunguu madirishani. Akanunua mchele wa kupeleka, kisha akaona aibu kuwa na mzigo mapajani, kama mgeni mwema. Iringa alichukua pikipiki hadi Tosamaganga. Alimkuta Apolonia nyuma ya nyumba ya mama yake, anapukuchua mahindi na bikizee mwenyewe.

"Kamwene," bikizee alimsalimu kwa Kihehe, akamshika mikono yote miwili. "Wewe ndiye Mama Blessing. Huyu kila siku ni wewe tu."

Haikuwezekana kusema hapo. Bikizee alimpikia, akamkatalia kuondoka jua limeshainama, akampa kitanda. Tumpe alikula ugali wa watu aliowaumiza, akasikia akisifiwa kwa wema wake wote, tangu siku alizomlindia Apolonia mlango hadi siku alizokaa naye kwenye msiba wa mumewe. Yote yalikuwa kweli, na ndiyo yaliyomuuma.

Asubuhi Apolonia alimsindikiza. Walipokuwa wameipita hospitali ya misheni, barabara ikiwa tupu, Tumpe alisimama.

"Haikuwa mwanga," alisema. "Nilikupaka mimi. Kwa brashi. Vidole vyote kumi."

Apolonia alitembea hatua chache mbele, akarudi.

"Nilikukosea nini?"

"Hukunikosea."

"Basi uliionea mikono wivu? Sikuiomba, Mama Blessing. Nilizaliwa nayo."

"Sikuionea mikono." Tumpe alikuwa hajawahi kuliweka jambo hili kwenye maneno, hata kichwani mwake. "Zilikuwa picha zangu, na watu wakaziita zako. Hata mume wangu. Nikaona kama vile sipo."

"Ungeniambia. Ningewaambia watu."

"Najua. Na hiyo ndiyo sikuitaka. Sikutaka sifa unipe wewe."

Wanafunzi wawili waliovaa sare wakapita na kuwaamkia, nao wakaitikia. Apolonia akapandisha mikono ya sweta lake, akaitazama mikono yake kana kwamba ya mtu mwingine.

"Nimekusikia," alisema. "Kusema nimekusamehe siwezi leo, nitakuwa nadanganya, na uongo umetosha. Mama sitamwambia, maana amekupenda. Lakini wewe nenda kwa Happy ukaseme kwa mdomo wako. Usinitetee. Usiseme nilionewa. Sema ulichofanya."

Akaipungia mkono pikipiki iliyokuwa inakuja, akamwacha hapo.

Tumpe alikwenda kwa Happy siku ileile aliyofika, na vumbi la safari mwilini. Alifungua kompyuta aliyoipitia studio, akaweka picha mbili kando kwa kando, ile aliyoipiga na ile aliyoitia giza. Happy alizitazama kama alivyozitazama zile za siku ya kwanza kabisa, muda mrefu, ila safari hii machozi yalimtoka.

"Mimi nilikuamini kuliko mashine," alisema. "Hata sikukagua."

Hakumpeleka polisi, ingawa alitishia. Alimtaka aziweke picha zote mbili kwenye ukurasa wa studio, kwa jina lake, na maelezo. Tumpe akaandika mistari mitatu: mikono hii haijawahi kutumia mkorogo, giza nililitia mimi kwa kusudi, sababu ilikuwa wivu. Neno la mwisho alilifuta mara nne, mwishowe akaliacha. Ambokile alilisoma gereji, mbele ya wenzake. Aliporudi nyumbani alikiacha chakula kikapoa, kisha akasema, "Basi siku ile ungeniambia picha zilikuwa za nani."

Komenti zilikuja, safari hii zake. Wateja wa krimu waliondoka karibu wote. Nani ampe bidhaa mtu wa namna hiyo? Alilitundika tena pazia la ndege, akarudia pasipoti na picha za vyeti vya wanafunzi. Wachache walirudi baada ya miezi, na kila anayerudi Tumpe humpa picha ghafi na picha iliyotengenezwa pamoja, amwonyeshe alipogusa na kwa nini. Liberatus ndiye aliyewaleta wawili kati yao.

Happy alimpigia Apolonia magoti kwa simu, na mwezi wa pili duka la Iringa likafunguliwa. Apolonia alikubali kulisimamia kwa sharti moja, kwamba mikono yake haitapigwa picha tena na yeyote. Picha za bidhaa za dukani anapiga mwenyewe kwa simu, makopo tu, na kuziweka status.

Tumpe huziona. Ya kwanza ilikuwa imeinama upande, kivuli cha paa kimekata jina la sabuni katikati, na kwa kitambo kifupi alifurahi, furaha chungu, akajiona alivyo. Mlangoni mwa duka, nyuma ya sabuni, walionekana watu wamejaa. Aliandika ujumbe, akaufuta. Akaandika tena, bila salamu wala kisingizio: *Sogeza meza karibu na mlango, geuza mgongo wa kopo kwenye ukuta, weka karatasi nyeupe upande wa pili.*

Alama mbili za buluu zilitokea mara moja. Jibu lilichukua siku tatu.

*Nimesogeza,* Apolonia alikuwa ameandika. *Asante.*